Ni Nani Aliyemtuma Kinyonga?

Maandiko ya kusoma: Mithali 30:24-28, Mwanzo 1:24-25, Matendo ya Mitume 10:9-35

 

Wale mliokuwa kwenye maombi ya Jumatano mnajua kilichotokea. Tulikuwa tumezama kabisa, taa zinawaka, mara mjusi mmoja akateleza kutoka kwenye dari akaangukia kiti cha mbele, karibu na mkoba wa dada mmoja. Ndugu zangu, maombi yalibadilika! Mmoja akapaza sauti, "Shindwa!" Mwingine, "Damu ya Yesu!" Kijana mmoja wa kwaya akavua kiatu. Na yule mjusi, maskini, akasimama pale kifua kinapanda na kushuka, halafu akakimbilia chini ya spika. Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, tukaendelea kuomba.

Lakini nilipofika nyumbani sikulala vizuri. Nilikumbuka siku nyingine, miaka mingi iliyopita, watu walipopiga kelele kama hizo na mimi nikiwa mbele yao. Siku hiyo aliyeumia mwisho wa yote hakuwa mjusi. Alikuwa mtu. Kwa hiyo wiki hii nimeweka kando somo nililokuwa nimeandaa, na nataka tuzungumze habari ya mjusi, kinyonga na kenge. Msicheke. Biblia imewataja kabla yangu.

1. MJUSI NI MWALIMU

Fungua Mithali 30. Aguri mwana wa Yake anahesabu viumbe wanne wadogo duniani ambao wamejaa akili. Anamtaja chungu, anamtaja wibari, anamtaja nzige, na wa nne ni mjusi. Biblia ya Kiingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, iliandika buibui mahali hapo, lakini Kiswahili chetu na tafsiri nyingi za leo zinasema mjusi. Tafsiri nyingine zinamwonyesha akishika ukuta kwa mikono yake, na nyingine zinasema hata wewe unaweza kumkamata kwa mkono. Vyovyote utakavyosoma, ujumbe ni mmoja: ni kiumbe dhaifu, lakini utamkuta amekaa ndani ya jumba la mfalme.

Sasa fikiria. Mlangoni kwa mfalme kuna askari. Mkulima hawezi kuingia bila ruhusa, hata waziri lazima atangazwe. Mjusi hakuomba ruhusa ya mtu. Amepita ukutani, amefika darini, anamwangalia mfalme akila. Na Aguri hasemi, "Mjusi ametumwa na adui wa mfalme." Anasema ana akili. Anatutuma tukajifunze kwake.

Mpendwa, hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Mtu wa Mungu katika Biblia anamwona mjusi ukutani na kuchukua kalamu aandike hekima. Mimi na wewe tunamwona mjusi ukutani na kuvua kiatu. Ni nani kati yetu anayeona kwa roho?

Mwangalie vizuri usiku wa leo. Yule mwembamba wa rangi ya udongo anayekaa karibu na taa, ndugu zetu wa Pwani wanamwita mjusi kafiri. Vidole vyake havina gundi. Chini ya kila kidole kuna maelfu ya vinyweleo vidogo sana, na kila kimoja kimegawanyika nchani mara nyingi, hata vinakaribiana na ukuta kiasi kwamba ukuta na mguu vinavutana vyenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliweza kupima nguvu ya unywele mmoja tu wa mguu wa mjusi wa jamii hiyo. Hana kope za kufumba, kwa hiyo anasafisha macho yake kwa ulimi. Ukimshika mkia, anauacha mkononi mwako na kwenda zake, na mwingine unaota. Nani alimpangia hayo yote? Soma Mwanzo 1:25. Mungu alifanya kila kitu kitambaacho juu ya nchi, akaangalia, akaona ni vyema. Hakusema, "Hivi vingine sawa, lakini mjusi hapana."

2. KILA MMOJA ANA ZAMU YAKE

Wataalamu wa mazingira wana jina la ule mpango ambao viumbe, maji, udongo na mimea hutegemeana ndani yake: wanauita mfumo ikolojia. Mimi nauita nyumba ya Mungu yenye wafanyakazi wengi. Na ndani ya nyumba hiyo mijusi hawa hawakai bure. Kila mmoja ana zamu.

Mjusi wa nyumbani ana zamu ya usiku. Wewe umelala, yeye yuko kazini kwenye taa: anakula nondo, mbu, mende wadogo, na mvua ikinyesha anakula kumbikumbi. Tumemwita kafiri, na yeye ndiye anayekesha kuliko washirika wengi! (Mwambie jirani yako, "Hilo si langu.")

Mjusi wa mawe ana zamu ya mchana. Mnamjua, yule dume wa kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu, anayepanda na kushuka juu ya jiwe kama askari wa mazoezi. Kule Maasai Mara kuna ndugu yake mwenye kichwa na mabega mekundu ambaye wageni husafiri kutoka mbali kuja kumpiga picha. Huyu anakula chungu, mchwa, panzi na mbawakawa. Lakini asubuhi hawezi kufanya kazi yoyote mpaka aote jua kwanza. Hana joto la kwake mwenyewe. Akitoka kwenye baridi, anapanda juu ya jiwe, anakaa kimya kwenye mwanga, na nguvu zinamrudia. Kuna mshirika hapa anaamka na kukimbilia simu, anakimbilia matatu, anakimbilia biashara, halafu saa nne anashangaa mbona roho yake ni baridi. Mjusi anajua jambo ambalo hatujajifunza: mwangaza kwanza, halafu kazi.

Kenge ana zamu ya mtoni. Huyu ndiye mkubwa wao. Utamkuta kando ya Ziwa Victoria, Baringo na kwenye mito yetu mingi. Anakula kaa, konokono, vyura na mizoga, maana yake anasafisha kile ambacho kingeoza na kunuka. Pia anafukua mayai ya mamba na kuyala. Wewe unayechota maji mtoni, umewahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya kenge? Kila yai la mamba analokula ni mamba mmoja ambaye hatakusubiri ukingoni. Ndiyo, najua, ataiba pia mayai ya kuku wako na vifaranga. Jenga banda zuri. Sikusema ni malaika, nimesema ana kazi.

Na jambo hili la kenge lilinifanya nipige magoti. Mvua ikishalainisha udongo, kenge jike huenda kwenye kichuguu chenye mchwa hai, akachimba shimo, akataga mayai yake humo, akaenda zake. Mchwa wanarudi kufanya ukarabati wa nyumba yao na kuziba lile shimo, mayai yakiwa ndani! Ndani ya kichuguu kuna joto la kutosha na unyevu wa kutosha, adui hafiki kwa urahisi. Mchwa wanalinda watoto ambao si wao bila kujua. Nilimkumbuka Musa akilelewa ndani ya jumba la Farao. Mungu wetu anajua kuficha mtoto wake mahali ambapo hakuna mtu angefikiria.

Halafu kinyonga. Macho yake mawili, kila moja linaangalia upande wake. Ulimi wake ukitoka unaweza kuzidi urefu wa mwili wake, na panzi anaondoka kwenye jani kabla hajajua. Anabadilisha rangi kwa sababu ya joto, mwanga, hasira au kuwasiliana na mwenzake. Hana sumu, na hamtafuti mtu. Milima yetu ina vinyonga ambao hawapatikani kwingine. Kule Taita kuna mmoja ambaye makao yake duniani kote ni vile vilima tu. Na mwaka 2006, wanasayansi walipotenga kundi jipya la vinyonga wa Afrika Mashariki na kutafuta jina la kuwapa, walichukua neno letu la Kiswahili: wakaliita kundi hilo Kinyongia. Dunia nzima ya elimu inatamka jina la kiumbe ambaye sisi tunamkimbia na kumpiga mawe.

Hawa wote, pamoja na kula wadudu, wenyewe ni chakula. Mwewe anawategemea, bundi anawategemea, nguchiro na nyoka pia. Ukiwaondoa, wadudu wanaongezeka upande mmoja na ndege wanakosa chakula upande mwingine. Ukitoa tofali moja tu la ukuta, usifikiri hilo la juu litabaki hewani.

3. KOSA LANGU

Sasa nije kwa jambo lililoninyima usingizi.

Nilikuwa kijana, nimeokoka miaka mitatu tu, na kanisa nililoanzia huduma, mbali na hapa, lilikuwa limenifanya kiongozi wa maombi. Nilikuwa na moto! Usiku mmoja tuliitwa kwenye boma moja, mtoto ana homa kali, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Tulifika watu kama kumi. Tukaimba, tukaomba, tukakemea. Alfajiri, mwanga ulipoanza, mtu mmoja akaona kinyonga kwenye ua, karibu kabisa na dirisha la chumba cha mtoto.

Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa. Wengi wetu nyanya zetu walitusimulia kwamba hapo mwanzo Mungu alimtuma kinyonga alete ujumbe kwamba watu hawatakufa, lakini akatembea polepole, na mjumbe mwingine, kuna wanaosema ni mjusi na kuna wanaosema ni ndege, akamtangulia na ujumbe wa kifo. Tulikua tukimwogopa kinyonga. Tukaokoka, lakini hadithi haikuokoka. Tuliibeba ndani tukaivalisha nguo za kanisa.

Mtu akauliza, "Ni nani aliyemtuma huyu kinyonga?" Na mwingine akaangalia upande ule ua ulikotoka. Ulikuwa ua wa jirani, mama mmoja mjane, mzee, ambaye sote tulimwita Nyanya. Alikuwa na ng'ombe mmoja na wajukuu watatu. Hakuna mtu aliyetaja jina lake. Walinigeukia mimi. Nilikuwa kiongozi, ilikuwa ni mimi wa kusema neno. Na nikasema, "Mungu amefichua."

Maneno mawili tu. Mafuta ya taa yakaletwa, kinyonga akachomwa tukiimba. Vijana wakaingia jikoni wakaua na mijusi waliokuwa ukutani, wasibakie "macho" ndani ya nyumba. Jua lilipopanda, baba mmoja mwenye busara akasema mtoto apelekwe hospitali. Daktari akampima damu. Malaria. Akapewa dawa, akawekewa maji, na baada ya siku chache akarudi nyumbani mzima. Tulitoa ushuhuda kanisani kwamba nguvu za giza zimevunjwa. Hakuna aliyetaja mbu.

Fikirini hilo. Aliyemwuma mtoto alikuwa mbu. Na sisi, watu wa upambanuzi, tulimaliza usiku mzima tukimtafuta mchawi, halafu asubuhi tukaua wale viumbe wawili watatu ndani ya nyumba ambao chakula chao ni wadudu. Sisemi mjusi atamaliza malaria. Neti ndiyo kinga, na dawa ya hospitali ndiyo tiba. Nasema tulikosa kumjua adui, tukampiga mfanyakazi.

Lakini hilo ndilo dogo. Kuanzia wiki ile, watu waliacha kununua maziwa kwa Nyanya. Kwenye bomba la maji wajukuu wake waliambiwa wangoje mpaka wengine wote wachote. Jumapili alikuja kanisani, benchi alilokaa likabaki yeye peke yake. Jumapili ya tatu hakuja. Na mimi niliona, nikanyamaza. Nilijiambia, "Sikumtaja jina." Mpendwa, Mungu aliyesema katika Kutoka 20:16 tusimshuhudie jirani uongo, unafikiri hesabu yake inaanzia kwenye jina? Ukishamwangalia mtu na kusema "Mungu amefichua," umeshuhudia tayari.

Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, inamhesabia kosa mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Serikali iliona jambo hilo. Mimi na Roho Mtakatifu ndani yangu sikuliona.

4. SHUKA ILIYOTEREMKA YAFA

Miaka kumi na moja ilipita. Nilikuwa tayari mchungaji, nikiandaa somo la Matendo 10, somo nililokuwa nimehubiri mara nyingi. Petro yuko Yafa, juu ya paa la nyumba ya Simoni mtengenezaji ngozi, saa ya maombi, njaa inamwuma. Anaona shuka kubwa inateremshwa kwa pembe zake nne. Ndani yake mna nini? Wanyama, ndege, na vitu vitambaavyo. Mijusi! Petro Myahudi anakataa, maana amesoma Mambo ya Walawi 11, ambako mijusi wameorodheshwa pamoja na najisi. Sauti inamwambia asikiite najisi kile ambacho Mungu amekitakasa. Mara tatu.

Nilikuwa nikihubiri hapo habari ya chakula. Siku hiyo nikasoma mbele kidogo. Petro bado anajiuliza maana yake, na watu wamesimama mlangoni wanamtafuta! Wametoka Kaisaria, kwa Kornelio, mtu wa taifa ambalo Petro alifundishwa kutoingia nyumba yake. Na alipofika kwake, mstari wa 28, Petro mwenyewe anatafsiri maono yake: Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Mtu! Shuka ilijaa vitambaavyo, lakini ujumbe ulikuwa juu ya mtu.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwona Nyanya kwenye benchi lake peke yake.

Mtu ataniambia, "Lakini Pasta, Walawi inasema ni najisi." Ndiyo, Israeli walikatazwa kumla na kugusa mzoga wake. Najisi kwa chakula si sawa na kutumwa na shetani. Ngamia pia yuko kwenye orodha ile, na Rebeka alipanda ngamia kwenda kuolewa na Isaka. Mwingine ataniambia, "Pasta, kwani hakuna uchawi?" Biblia inaukataza, Kumbukumbu la Torati 18, na mimi siichezei Biblia. Lakini 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Sasa nijibu wewe: usiku ule tulijaribu nini? Tulimwona kiumbe wa Mungu kwenye ua anakotafuta nzi, tukaweka juu yake hofu tuliyorithi, tukaiita ufunuo.

Jumatatu nilipanda gari nikaenda. Nilimkuta Nyanya amekaa nje, amezeeka, anachambua maharagwe. Alinijua mara moja. Nikapiga magoti pale uani, nikamwambia yote, hata yale maneno mawili. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, yule kinyonga alikuwa wa ua wangu kweli. Alikaa pale miaka, akila wadudu wa miti yangu. Lakini wewe ulisoma shule. Mwendo wa kinyonga unaujua. Kama ningekuwa na haraka ya kumdhuru mtoto wa watu, ningemtuma huyo?"

Nilitaka kucheka, na machozi yakaja. Kisha akaniambia neno la pili, na hili halikuwa la mzaha: "Mlinisema mbele ya watu. Usiniombe msamaha gizani."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi katika kanisa lile, nikasimama mbele, nikasema kama nilivyowaandikia hapa. Nyanya alikuja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akainuka kutoka mbele akaenda kukaa karibu naye, na baadaye wawili wengine. Si wote. Kuna majirani ambao hawakurudi kwake kamwe, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Alilala katika Bwana miaka michache baadaye.

Na sasa nisikieni. Ile hadithi ya nyanya zetu ilimhukumu kinyonga kwa sababu alichelewa na ujumbe wa uzima. Lakini aliyechelewa ni mimi. Nilikuwa na Injili mkononi, habari njema ya uzima, na kumfikia mjane aliyeishi ng'ambo ya ua nilichukua miaka kumi na moja. Lile neno la mauti nililifikisha asubuhi moja tu. Kanisa, sisi ndio tuliotumwa. Swali la usiku ule, ni nani aliyemtuma kinyonga, jibu lake ni jepesi: Mungu alimtuma, kula wadudu, na alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyetumwa na nikaenda mahali pengine.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, nyumbani. Ukimwona mjusi ukutani, usivue kiatu. Mungu hakutupa roho ya woga, soma 2 Timotheo 1:7. Fanya lililo la busara: funika chakula na maji, osha vyombo, fagia kinyesi chake, maana kinaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Halafu mwachie ukuta afanye kazi yake.

Pili, shambani. Wafundishe watoto wasimpige kinyonga mawe. Dawa kali ya wadudu usiimwage kila mahali bila mpango, kwa sababu inamwua mwizi na askari pamoja. Zaburi 148 inawaita hata vitambaavyo wamsifu Bwana. Usimnyamazishe mshirika mwenzako wa kwaya.

Tatu, mtoto akipata homa, mpeleke hospitali usiku huo huo. Tutaomba tukiwa njiani. Mungu anasikia hata ndani ya bodaboda.

Nne, na hili ni agizo langu kama mchungaji wenu: kuanzia leo, katika kesha zetu, katika ushirika wa nyumbani, hata katika simu ya maombi, hakuna mtu atakayetaja jirani, mama mkwe, shangazi au mjane kuwa chanzo cha shida ya mtu kwa sababu ya ndoto, mjusi, bundi au paka. Ukisikia mtu anaanza, mzuie. Ukinisikia mimi naanza, nizuieni.

Tano, kama umewahi kufanya nilivyofanya, usingoje miaka kumi na moja. Zakayo hakumaliza toba yake juu ya mti. Alishuka, akasimama mbele ya watu, akasema atakachorudisha. Jina la mtu ni mali. Ulilichukua hadharani, lirudishe hadharani, angali anaweza kusikia.

TUOMBE

Bwana Mungu, Muumba wa vikubwa na vidogo, tusamehe tulipoogopa kazi ya mikono yako na kuiita kazi ya adui. Tusamehe zaidi tulipomwonyesha mtu kidole na kutumia jina lako. Wakumbuke wazee wanaokaa peke yao kwa sababu ya neno letu. Tupe macho ya Aguri, tuone hekima mahali tulipoona tisho, na miguu ya haraka tunapobeba habari ya uzima. Katika jina la Yesu, Amina.

YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni kiumbe gani ulifundishwa kumwogopa ukiwa mtoto? Hofu hiyo ilitoka katika Neno au katika hadithi?
2. Soma Matendo 10:28. Katika mtaa wetu, ni nani anayekaa peke yake kwa sababu ya maneno ya watu? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Andiko la kukariri: Mithali 30:28. Lisome katika Biblia yako, kisha mwangalie mjusi wa nyumbani kwako dakika tano kabla ya kulala, uje Jumapili utuambie ulichojifunza.